Muhuri wa Namba Saba

Mzee Protasi wa Rulenge alikuwa na sheria moja kuhusu barua, na aliishika kuliko alivyoshika Kwaresima: barua haina mlango. Kwa miaka thelathini na mmoja yeye ndiye aliyekuwa mshika mfuko wa posta pale misheni. Barua za vijiji vyote vya jirani zilikuja kwa sanduku moja, zikaingia kwenye mfuko mmoja wa turubai, na Jumapili baada ya misa Protasi alisimama barazani mwa kanisa akaita majina. Asiyejua kusoma alisomewa palepale, watu wote wakisikia. Nani kaposwa Bugarama, nani kafukuzwa kazi Mwanza, ng'ombe wa nani kazaa pacha, Rulenge ilikuwa imejua kabla ya chakula cha mchana. Ukitaka siri, alisema mzee, usiandike.

Zilikuwepo barua za aina moja tu ambazo hakuzisoma siku hiyohiyo. Barua ya msiba ilisubiri mpaka mwenyewe awe amekula, amekaa, na ana mtu wa kumshika. Nyingine ilikaa mfukoni wiki mbili. Mwanamke mmoja mjamzito alifichiwa kifo cha mumewe mpaka akajifungua salama, na wazee hadi leo wanamsifu Protasi kwa hilo. Barua isiyosomwa haijafika, alisema, na hakuna aliyembishia.

Deodata, binti yake, alikulia ndani ya sheria hiyo na aliichukia. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mitatu, anafundisha kompyuta sekondari, anaishi na wazazi wake kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya migomba. Zama za mfuko zilipokwisha, mzee hakustaafu. Alihama na sheria yake mpaka kwenye barua pepe. Alifungua anwani moja ya bure kwa ajili ya familia nzima, nenosiri akalishika yeye, na kila Jumapili alasiri akawasomea watu barazani kama zamani.

Ndipo ikaja ile ya Keza. Keza alikuwa msichana wa Nyamiaga, mchumba wa Nduwayo, kaka yake Deodata. Aliandika kumkataa Nduwayo, akaeleza na sababu, na kwa kuwa hakuwa na anwani nyingine aliituma kwa hiyo ya familia. Protasi aliisoma mbele ya wageni waliokuja kunywa rubisi, neno kwa neno, kwa sauti yake nzuri ya kusomea masomo kanisani. Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe. Nduwayo aliinuka akatoka. Mwezi haukuisha akaondoka, na safari yake ikaishia Namibia, kwenye meli za uvuvi, kijana ambaye hata mto Ruvubu alikuwa hajawahi kuuogelea.

Hiyo ni miaka minane iliyopita. Kutoka huko aliandika tu, hakupiga simu. Alikuwa ameapa kwamba baba yake hataisikia sauti yake tena, halafu huko baharini mtandao haukuwepo kwa miezi, mpaka meli itie nanga. Kwa mama yao, Esperansia, simu haikuwa na maana kwa vyovyote. Masikio yake yalikuwa mazito, simu kwake ilikuwa kelele tupu, na kusoma hakujua. Mtoto wake alikuwa ni ile barua inayosomwa karibu na sikio lake Jumapili. Alizihifadhi kichwani zote. Akiwa shambani anapalilia maharage alizirudia kwa sauti, salamu kwa salamu, na majirani walishazoea.

Januari mwaka huu ile anwani ya bure ikafungwa. Mzee alibadili simu, akasema kasahau nenosiri, na wenye huduma wakataka athibitishe kwa namba ambayo alikwisha kuitupa. Barua zote za Nduwayo zikabaki ndani. Mama alilia siku mbili. Deodata alipoona machozi yale aliapa kwamba barua za nyumba hii zitakaa ndani ya nyumba hii, na hakuna kampuni itakayomfungia mtu mlango tena.

Haikuwa kazi ya siku moja. Alichagua kompyuta mpakato kuukuu yenye kioo kilichopasuka, kwa sababu betri yake ilidumu saa tatu na umeme wa kule hauna adabu. Programu alitaka za huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kumgawia jirani. Kwanza alijaribu furushi lenye kila kitu ndani, likailemea mashine, mashine ikaganda. Alilifuta akaanza upya. Aliweka Debian, mfumo wa kuendeshea mashine, na juu yake Postfix wa kupokea na kupeleka barua, yaani mpagazi, na Dovecot wa kutunza visanduku na kukagua funguo, yaani mlinzi wa ghala. Mwezi mzima barua zake zilitupwa kwenye taka za watu, maana wakubwa wa mtandao hawaiamini barua inayotoka sebuleni kwa mtu. Mwishowe Luhende, aliyesoma naye chuo, alimpa kona kwenye mashine yake huko Mwanza yenye anwani isiyobadilika. Chochote kutoka nje, iwe barua iwe mtu anayefungua kisanduku chake akiwa mbali, kilipita Mwanza kwanza ndipo kikashuka Rulenge. Siku barua yake ya kwanza ilipofika bila kutupwa, Deodata alicheza peke yake chumbani, mwalimu mzima na shahada yake.

Alifungua visanduku vinne, kila kimoja na ufunguo wake, yaani nenosiri: cha baba, cha mama asiyejua kusoma lakini haki ni haki, chake, na cha Nduwayo.

"Kila mtu na mlango wake," mzee alisema. "Sasa hii ni familia au ni nyumba ya wageni?"

"Ni familia yenye staha, baba. Barua za kusoma barazani mtu atachagua mwenyewe."

Mzee aliguna, akachukua ufunguo wake. Ufunguo wa Nduwayo Deodata aliutuma kwa anwani nyingine ya bure, ile ambayo kaka yake alikuwa akiitumia miaka ya karibuni. Siku ya tatu jibu likaja, tena kutoka kisanduku kipya: Nduwayo anashukuru, anafurahi kuwa na anwani yenye jina la kwao, Mungu ambariki dada yake. Tangu hapo barua zake zikawa za kila wiki. Mama alinenepa.

Na Deodata alifurahi kwa sababu zake. Nduwayo alimwandikia yeye pembeni pia, kwa anwani yake ya kazini tangu miaka ya nyuma, na hayo hayakusomwa barazani. Kwa kaka yake alitoa yote. Alimwambia jinsi baba alivyo mkaidi, jinsi anavyomchunguza akichelewa kurudi, na mara moja aliandika kwamba kuna siku anamchukia mzee kabisa, halafu anaona aibu. Alimwandikia na habari za Juvenali, mwalimu wa Biharamulo aliyetaka kumwoa wakaishi huko. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. "Dada, subiri kidogo," Nduwayo alijibu. "Wazazi wamezeeka nami niko mbali. Anayekupenda kweli atangoja." Deodata alisubiri. Juvenali naye alingoja mwaka mzima, akachoka, akaoa hukohuko Biharamulo. Iliuma, lakini Deodata hakumlaumu kaka yake. Kaka amesema, basi.

Sasa tufike kwenye ile Jumamosi ya Oktoba, wiki ya kupanda maharage. Mama alikuwa shambani, baba yuko kwenye mkutano wa jumuiya, na Deodata alikaa mbele ya mashine kulisoma daftari lake. Maana seva ya barua ina daftari, na huandika kila kitu: nani kabisha, saa ngapi, kutoka namba gani ya mtandao. Alilifungua kwa sababu ya wezi. Mashine yake ilikuwa haijamaliza miezi mitatu na tayari watu wasiojulikana, kutoka nchi ambazo hata wanafunzi wake wasingezionyesha kwenye ramani, walikuwa wakijaribu funguo mia tatu kwa saa. Alishangaa mtu wa mbali kiasi hicho anataka nini Rulenge. Alitaka kuhakikisha kwamba hakuna aliyefanikiwa, kwa hiyo akaiagiza mashine imwonyeshe walioingia kwa ufunguo sahihi tu.

Orodha ilikuwa fupi. Deodata, kutoka namba ya ndani ya nyumba. Protasi, kutoka namba ya ndani. Deodata tena. Halafu Nduwayo.

Nduwayo hakuwa ameingia kwa kupitia Mwanza. Ameingia kutoka 192.168.1.7. Hiyo ni namba ambayo ruta ya nyumbani humpa mtu aliye ndani ya uzio, asiyevuka hata barabara.

Deodata alisoma mstari ule mara nne. Alipandisha daftari juu, kwenye mistari ya nyuma. Nduwayo, Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, namba saba. Nduwayo, Jumapili ya kabla yake, namba saba. Aliendelea kupandisha mpaka siku ya kwanza kabisa, ile ya jibu la shukrani, na ilikuwa namba saba. Hakuna hata mara moja kaka yake aliingia kutoka Namibia, wala Mwanza, wala popote pengine chini ya jua.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kichaa, na alilifuata. Alidhani Nduwayo yuko nyumbani. Alidhani kaka yake amerudi kimya kimya na amejificha ili baba asimwone, na mama anampelekea chakula. Alitoka mbio. Alifungua stoo ya kahawa, akachungulia jiko la nje, akafunua hata mkeka uliofunika ndizi zinazoivishwa kwa ajili ya rubisi. Aliita jina la kaka yake mara mbili, kwa sauti ndogo, katikati ya migomba. Kuku tu ndio waliomtazama.

Alirudi ndani. Mwalimu huyu alikuwa anajua vizuri la kufanya tangu mwanzo, kutafuta namba saba ni chombo gani, lakini kinyozi hajinyoi. Juu ya kabati simu ya baba yake ilikuwa inachajiwa. Mzee hakwenda nayo kwenye jumuiya, alisema simu humfukuza Roho Mtakatifu. Deodata aliizima. Kwenye orodha ya ruta namba saba ikatoweka. Aliiwasha. Namba saba ikarudi.

Aliizima tena na kuiwasha tena, kwa matumaini ambayo hata yeye asingeweza kuyaeleza. Namba saba ikatoweka, ikarudi. Ndipo akakaa chini sakafuni, na kitu kilichokuwa kikimjia kikafika. Kama barua hizi zinaandikwa na baba, basi Nduwayo haandiki. Na kama Nduwayo haandiki, kwa nini haandiki?

Mzee Protasi alirudi saa tisa, kofia mkononi. Alimkuta binti yake bado sakafuni, simu mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwana wanje," mzee alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Umeanguka?"

"Nduwayo yuko wapi?"

Mzee alitundika kofia yake. Alikuwa na tabia ya kutojibu swali akiwa amesimama, kwa hiyo alivuta kigoda akaketi. "Namibia," alisema.

"Baba, barua zake zinatoka kwenye simu hii. Mashine imeandika. Kila siku aliyoandika, mashine imeandika namba ya simu hii."

Protasi aliitazama ile kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Hakukana, na hilo lilimshtua Deodata kuliko yote, maana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Nilijua inapokea na kupeleka," alisema mzee. "Sikujua inapiga muhuri."

"Wewe, baba? Wewe uliyekuwa unageuza bahasha kutafuta muhuri kabla hujasoma jina?"

"Mimi huyohuyo. Nilidhani ikishaingia mfukoni hakuna ajuaye aliyeitia."

Aliinuka, akaenda kwenye msumari ambao ule mfuko wa turubai ulining'inia tangu misheni walipomzawadia. Kila mtu nyumbani alijua ni mtupu, ni kumbukumbu tu. Alitia mkono mpaka chini akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, iliyochapishwa dukani Ngara mjini ambako hawamfahamu. Alimpa Deodata bila kuifunua.

Ilikuwa imeandikwa na mtu aitwaye Matiasi, mzaliwa wa Bugarama, aliyefanya kazi na Nduwayo kwenye meli moja. Ilisema kwamba mwenzao aliugua homa baharini siku nne, na walipofika bandarini alikuwa ameshakata roho. Walimzika Walvis Bay, Watanzania sita na padri mmoja, tarehe kumi na moja Septemba. Mwaka ulikuwa wa miaka minne nyuma.

Deodata aliisoma hadi mwisho, akairudia tarehe, akaihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka minne. Kaka yake alikuwa amekufa wakati yeye anamwandikia habari za Juvenali. Alikuwa amekufa wakati yeye anamtumia ufunguo. Mtu ambaye yeye alimwambia kwamba anamchukia baba alikuwa ni baba.

"Ulikuwa unangoja nini?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni.

"Mama yako alikuwa ametoka kulazwa. Nikasema apone kwanza. Akapona, ikaja Krismasi. Nikamwandikia moja tu, ya sikukuu, nikafungua na anwani nyingine kwa jina la Nduwayo. Alifurahi mno, Deodata. Aliimba hata jikoni. Baada ya hapo nilikuwa nimeshachelewa, na kila wiki nikawa nachelewa zaidi." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nenosiri lile sikulisahau. Barua ya Matiasi ilikuwa mle, sikutaka uione."

"Na mimi?"

"Wewe ulimwandikia kaka yako. Barua haijibiwi?"

"Juvenali, baba. Ulinijibu juu ya Juvenali."

"Nilijibu kama baba," Protasi alisema. "Jina tu ndilo lilikuwa la kaka yako."

"Kwa jina lako ningekubishia. Unajua ningekubishia. Ndiyo maana ukachukua lake."

Mzee aliangalia mikono yake, na Deodata alimwona ghafla jinsi alivyokonda, lakini huruma haikumjia. Hasira ilikuwa imejaa mahali pote. Alikunja karatasi ile mara nne, kama alivyoikuta.

"Kesho ni Jumapili. Utaisoma."

"Na nikishindwa?"

"Nitaisoma mimi."

Jumapili asubuhi Deodata alimpita baba yake uani bila kumwamkia. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya hivyo, na mzee alibaki ameinua uso kidogo, akingoja, mpaka binti alipoingia ndani.

Mchana mama alikula vizuri, ndizi na maharage, na Deodata alihakikisha amemaliza. Alasiri walimkalisha barazani kwenye mkeka wake. Ndipo akaja Speciosa, mdogo wake mama anayeishi mtaa wa pili, ambaye Deodata alimwomba aje bila kumweleza sababu. Speciosa alisalimu, akaketi pembeni ya Esperansia, begani kwake kabisa.

Esperansia alimtazama dada yake. Halafu akatazama sahani tupu. Halafu akamtazama mumewe aliyeshika karatasi, si simu. Alikuwa mke wa mshika mfuko, miaka thelathini na mmoja alishuhudia watu wakilishwa, wakikalishwa, wakiwekewa mtu wa kuwashika. Hakuhitaji kusikia.

"Nani?" aliuliza.

Protasi alisogea mpaka karibu na sikio lake akaanza kusoma. Ile sauti yake nzuri iliyosoma mamia ya barua ilikatika kwenye mstari wa pili. Alikohoa, akaanza upya, ikakatika palepale. Mara ya tatu aliimaliza, maneno yakitoka moja moja. Speciosa aliweka mkono mdomoni. Alikuwa amekuja kumshika mtu na sasa yeye mwenyewe alihitaji kushikwa.

"Lini?" Esperansia aliuliza.

"Septemba."

"Mwezi uliopita huu?"

Mzee alimwambia mwaka. Ilibidi arudie, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mtu aliyekuwa anapita njiani akasimama. Esperansia alibaki ametulia akikunja vidole, na midomo yake ikicheza. Deodata alidhani anasali, kumbe anahesabu.

"Misimu minane," alisema mama.

Wote watatu walielewa kwa pamoja. Kwao, nyumba ikifiwa, jembe haliingii shambani mpaka matanga yaishe. Hata kama mvua imenyesha, hata kama mbegu zinaozea kikapuni. Mtu mmoja aliwahi kulima siku ya tatu ya msiba wa shemeji yake, na hadi anakufa aliitwa kwa tendo hilo.

"Nimelima misimu minane," Esperansia alisema, akiigeuza mikono yake yenye udongo wa jana kwenye kucha. "Mwanangu yuko chini, na mimi nachimba juu. Mana yanje, Mungu wangu. Nimelima nikiimba."

"Nilitaka usiumie, mama Nduwayo."

"Hizo barua nilizokuwa naziimba. Za kwamba amekula samaki, amenunua koti, ananikumbuka. Ni za nani?"

"Zangu."

Mama alimtazama mumewe kama anatafuta mahali alipowahi kumwona. Hakulia bado. Aliinuka, akaukataa mkono wa Speciosa, akaingia stoo. Alitoka na majembe mawili, akayalaza barazani. Akarudi akatoa jingine, na jingine, mpaka yakawa matano yamepangwa mbele ya miguu ya Protasi, lile la mwisho likiwa bado na udongo mbichi wa mistari ya maharage. Halafu akaketi chini kando yake, akafungua kinywa, na kilio cha miaka minne kikatoka chote kwa pamoja. Majirani walikuja mbio wakidhani amekufa mtu leo.

Matanga yalikaa siku nne kamili kama inavyotakiwa. Mbegu zilikaa kikapuni na mvua ikanyesha bure. Deodata alimtafuta Matiasi, akampata, na kupitia simu Matiasi alieleza kila kitu alichokumbuka, Deodata akiyarudia maneno yake karibu na sikio la mama: kaburi liko upande gani, msalaba ni wa mbao gani, waliimba wimbo upi. Watu waliuliza habari ilikuwa wapi muda wote huo. Mama hakujibu, na kwa kuwa mama hakujibu hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee. Protasi alishinda barazani na mfuko wa turubai mapajani. Mke wake alimpa chakula, hakumpa neno. Deodata hakumpa hata salamu.

Jumatatu iliyofuata, matanga yakiwa yamekwisha na mama ameshika jembe kwa mara ya kwanza, Deodata alikaa mbele ya mashine kukifunga kisanduku cha Nduwayo. Ilikuwa amri moja tu, mstari mmoja wa kuandika. Yeye ndiye aliyefungua milango ile na kuapa hatachungulia kwa mtu, lakini mwenye kisanduku alikuwa amekufa, na kabla ya kufunga alitaka kuhakikisha kwamba barua za mama zimehifadhiwa, maana mama alikuwa ameziomba asubuhi hiyo. Zote, alisema, hata kama ni za uongo. Koti lile alilipenda.

Alizikuta zilizotumwa, akazinakili. Chini yake palikuwa na rasimu, yaani zile ambazo mtu ameanza kuandika na hakuzituma. Zilikuwa kumi na moja. Deodata alidhani ni za mama, au zake mwenyewe. Alifungua ya kwanza. Ilikuwa imeandikiwa Protasi.

"Baba, shikamoo."

Hapakuwa na neno jingine. Alifungua ya pili, ya wiki iliyofuata. "Baba, shikamoo." Ya tatu, ya nne, ya tano. Zote kumi na moja zilikuwa na salamu hiyo moja, nukta, na baada yake hakuna kitu. Mtu aliyekuwa hakosi la kuandika, aliyebuni samaki na koti na mawimbi ya bahari ambayo hajawahi kuiona, aliyejua kumzuia binti yake kwa sentensi tatu, alikuwa amekaa Jumapili kumi na moja na simu mkononi akitafuta maneno ambayo mwanawe angemwambia, na hakuwahi kuvuka salamu.

Deodata alibaki na mikono juu ya vibonye. Alikuwa na haki ya kukasirika na bado alikuwa amekasirika, Juvenali hatarudi wala Nduwayo hatarudi. Lakini hakuandika ile amri. Alifunika mashine, akatoka barazani. Mzee alikuwa amekaa palepale, mgongo kwa mlango, akiwatazama mama na Speciosa wakifukia maharage yaliyochelewa.

"Baba, shikamoo," alisema Deodata.

Mzee hakugeuka. Alilikunja lile turubai la mfuko mapajani, akalikunjua, akalikunja tena, na ilichukua muda mrefu sana kabla hajaitikia.